Tairi la Fundi Cherehani

Mzee aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata tairi jipya la pikipiki kama mjukuu. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni, kwa hiyo hata mimi nilijua ni fundi cherehani.

"La nani, baba?" akauliza dada wa pembeni yake, mwenye grisi kwenye kucha.

"La binti yangu. Ana kipikipiki cha spoti, cha kuinamia kama anatafuta sindano. Nakichukia! Nimepima tairi lake la nyuma kwa futi hii, akiwa anaoga."

Dada hakucheka. Nilicheka mimi kwa niaba yake, kimyakimya. Alipapasa ubavu wa tairi, akasoma tarakimu nne, za wiki na mwaka wa kutengenezwa. "Kipimo umepatia. Lakini limetengenezwa miaka tisa iliyopita, baba. Ndiyo maana wamekuuzia rahisi."

"Halijatembea hata hatua moja!"

"Mpira huzeeka umekaa. Ni kama kitambaa kilichoning'inizwa dirishani mwa duka: ukikivuta kinachanika. Mvua ikinyesha litamtelezesha. Yapo ya bei nafuu yaliyo mapya kweli. Karudishe."

Mzee alilikumbatia tairi lake, amenuna. Tukapita kituo kizima.

"Hayo mapya kweli," akasema polepole, "si yatamfanya akimbie zaidi?"

"Yatamfanya asimame upesi zaidi, baba."

Basi liliposimama, mzee akainuka.

"Fundi, kwako bado vituo viwili!" kondakta akamwambia.

"Najua, mwanangu," akajibu, akashuka, akavuka barabara hadi kituo cha mabasi ya kurudi, tairi lake begani.