Kabla ya Kuingia Majini

Basi dogo lilipotoka Tunduma, Mhoja, mfugaji wa Momba, alimwambia jirani yake wa siti kwamba kesho anabatizwa Mlowo. Jirani huyo, Mama Ketrina, mkulima wa kahawa wa Ihanda, akampa hongera.

"Subiri kwanza, mama. Mimi ng'ombe akichechemea kilima cha ng'ambo, namwona. Lakini mke wangu Rosemary amepiga magoti kando ya kitanda miaka kumi na tisa akiniombea, nami nikidhani anatafuta ndala."

Ketrina alicheka mpaka abiria wa mbele akazima muziki wa simu yake, asipitwe.

"Sasa nimejua," Mhoja aliendelea, "ila Mungu mwenyewe bado sijamwona. Nitaingiaje majini?"

"Baba, ukimwona, imani utaifanyia nini? Buni zangu mbivu kwa macho zinafanana zote. Nazitia majini, tupu zinaelea, nzuri zinazama."

Mhoja aliitazama mikono yake. "Na mimi nikielea?"

"Buni hazina mchungaji wa kuzishika. Wewe unaye."

"Hujanijibu, mama."

"Sijakujibu. Ingia majini ujue."

Alitaka kubisha, lakini basi lilikuwa linapunguza mwendo Mlowo. Rosemary, aliyekuwa ametangulia, alikuwa amesimama kituoni na taulo jipya begani, akitazama mlango wa gari lingine. Mhoja alimwona kabla yeye hajamwona.

"Asante, Mungu," alisema, polepole, kama mtu anayemsemesha aliyekaa karibu.

Basi likasimama. Ketrina akampisha ashuke.