Maalim Msabah Simai na Jibu Alilolizuia

Mtieni machoni, jamaa, kama mlivyomjua: Maalim Msabah anaingia darasani, pindo la kanzu kalikunja lisinaswe na mnyororo wa baskeli, mkononi ana ndoo inayovuja. Anatoa salamu, kisha anaiweka ndoo juu ya meza. Wanafunzi wake, walimu watu wazima, wanatazamana huku maji yakichuruzika sakafuni.

"Maalim, mafundi wa ndoo wapo Darajani!" mmoja anamtania.

"Naam. Na skuli yako wewe iko wapi?"

"Makunduchi, kusini kabisa."

"Basi watoto wako watakunywa lini?"

Na somo lishaanza.

Marehemu alizaliwa Makunduchi tarehe 3 Machi 1927, kitinda mimba wa Mzee Simai Jecha. Alisoma chuo cha Kurani kwa mjomba wake mpaka akahitimu Msahafu, ndipo akaletwa mjini kuanza skuli. Alikuwa mkubwa kuliko wenziwe wote; walimwita "Babu", naye akiitika. Alimaliza mafunzo ya ualimu mwaka 1949, akasomesha hesabu hapa mjini.

Mwaka 1951 alimuoa Bi Mwamvua Nahodha, wakakaa Mkunazini. Bi Mwamvua anasema hakupata kupika chakula kisichoulizwa masuala. "Nikimwambia, Bwana, kula, samaki hajibu."

Baada ya Mapinduzi ya 1964 walimu wengi waliondoka, na vijana waliokuwa wanafunzi jana wakawa walimu leo. Mwaka 1965 Maalim alipewa kazi ya kuwafunza. Hakutaka wakaririshe. Aliwataka wawape watoto tatizo la kweli la mtaani mwao, wakaulize, wapime, wabishane mpaka walitatue. Sharti lake moja: mwalimu asitoe jibu. "Ukilitoa, umewaibia," akisema.

Hapa pazito, ndugu zangu, lakini mwenyewe ametuusia tupaseme.

Masika ya 1969, katika kijiji kimoja karibu na Jozani, watoto walikuwa wakiharisha. Mwalimu Mwatima, mmoja wa aliowafunza, akalifanya hilo somo: maradhi haya yanatoka wapi? Watoto wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza. Maalim alipokwenda kuwatazama, Mwatima akamvuta pembeni.

"Maalim, mie nnaona ni kile kisima cha karibu na choo. Niwambie?"

"Hata mie nnakishuku. Lakini waache, wamekaribia. Watalipata wenyewe."

Ilikuwa Alkhamisi. Jumatatu watoto walilipata. Mwenzao mmoja, Mwanapili binti Borafya, wa miaka minane, alikuwa keshazikwa jana yake, kwa maradhi hayo hayo.

Maalim alikiziba kisima pamoja na wanakijiji, kisha akenda kwa baba wa mtoto akamweleza yote.

"Ulijua?" akauliza Mzee Borafya.

"Nilishuku."

"Ukangoja mwanangu awe ndio somo lako?"

Hapo hapo Maalim akamuomba radhi. Kila mwaka alirudi kumuomba tena. Kila mwaka alikaribishwa, akapewa kiti, akapewa maji ya kunywa. Radhi hakupewa.

Kazi hakuiacha. Ila tangu hapo kila kundi jipya la walimu aliwaanzia hivi: "Roho ya mtu ikiwa hatarini, ziba kisima kwanza, masuala baadaye." Wengi hawakujua ni kisima gani.

Maradhi ya moyo yalimuanza mwaka 1970. Ngazi za nyumba yake mwenyewe zikawa safari. Mwezi wa Mei mwaka huu alilazwa, na alfajiri ya leo, Jumatano, 14 Juni 1972, alifariki mikononi mwa mwanawe Machano. Ameacha mjane, Bi Mwamvua, watoto watatu, Machano, Mwanakhamis na Abdulla, dada mmoja, na walimu waliotawanyika Unguja nzima. Mola ampokee kwa rehema, amfanyie wepesi huko aendako.

Sasa, kabla hatujamuinua kwenda kumzika, ada yetu ni kuuliza nani ana haki yake kwa marehemu. Mwenye kumdai kitu amuone Machano. Lakini liko moja ambalo Machano hana uwezo nalo. Mzee Borafya katoka kwao tangu asubuhi, na yule pale kakaa karibu na mlango. Hatumlazimishi, na hatumsemei. Tunamuuliza tu mbele yenu: Mzee wetu, umemsamehe?