Alois Masolwa, Mchochea Moto wa Meli ya Kanga

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma historia ya baba yetu, mimi mwanawe wa kwanza, Silasi.

Marehemu Alois Masolwa alizaliwa Igalula tarehe 3 Mei 1921, mjukuu wa mpagazi wa misafara ya Ujiji, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1939 akaajiriwa reli hapa Tabora, kuchochea moto wa garimoshi.

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la maji Mombasa, akawekwa kwenye boila za meli ya kivita iliyosindikiza meli za mizigo kwenda Aden, ambayo mabaharia wetu waliiita Kanga kwa rangi yake ya madoa. Kanga ilisindikiza misafara ishirini na miwili, vita vikaisha, ikauzwa kama chuma chakavu mwaka 1947. Katika msafara wa tisa, tarehe 9 Agosti 1943, meli moja ya mizigo iliharibika injini ikabaki nyuma, na ndani yake alikuwamo rafiki yake wa Isevya, Silasi, ambaye mimi nimepewa jina lake. Amri ilikuwa Kanga isirudi. Iliporuhusiwa kesho yake, meli ile ilikwisha kuzamishwa, wakaokolewa watu kumi na tisa, Silasi hakuwamo, na jambo hilo lilimuuma baba maisha yake yote.

Alirudi reli mwaka 1946, akafunga ndoa na mama yetu, Marcelina, tarehe 12 Julai 1947, wakajaliwa watoto watano. Tulipokwenda kanisani, au mjini siku ya Uhuru, alitembea nyuma yetu akituhesabu, majirani wakimtania kwamba anachunga watoto kama mbuzi, nasi tukiona haya. Septemba 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, lori lilijaa likaondoka bila Bibi Sikuzani, mjane wa ng'ambo ya mto, baba akagonga bodi mpaka likasimama, akateremka, akarudi kwa miguu, na kesho yake akafika naye juu ya baiskeli ya kuazima, bibi amepakata kuku wake. Bibi yuko hapa leo, amekaa na mama.

Aliugua kifua Machi 1976, akafariki Jumapili tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, sote watano tukiwa kando ya kitanda chake, akiwa ametuhesabu kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa reli, na ninyi majirani mliopika na kuchota maji tangu juzi.

Baba, tunakupenda, na leo kwa mara ya kwanza umetangulia mbele yetu. Usigeuke, tumetimia sote, na nyuma kabisa natembea mimi. Sasa pumzika, baba, kwa amani.