Matundu Manne na Mrija Uliokatwa

Ndugu waombolezaji, marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya nyuma ya stesheni ya reli, akimfuata dada yake, ambaye ndiye aliyeandika haya; na wale kaka zake waliomwomba dada mtu aandike tu kwamba "aliugua kwa muda mfupi" wakae kitako wasikilize.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, na Januari 1985 akaanza kushona sare za shule, katika chumba cha juu ya duka la rangi, ambako hakukata kitambaa kabla ya kukichora chaki na kumwita mwenzake aukague mstari, maana, alisema, kilichokatwa hakisikii pole. Tarehe 9 Juni 1990 aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole kupita kiasi, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 3 mwezi huu alitolewa mfuko wa nyongo uliojaa vijiwe, kwa matundu manne madogo, kesho yake akarudishwa nyumbani, na nyumba nzima ikaupima ugonjwa kwa ukubwa wa plasta. Dada yake ndiye aliyemwambia, "Vitundu kama vya vifungo, nawe umelala kama mzazi? Inuka, wee!", naye akainuka, akafagia. Tumbo likajaa, bega likauma, macho yakawa manjano, mumewe akampigia simu mara tatu daktari aliyempasua, na mara tatu akajibiwa, "Ni gesi tu, mzee, itatoka."

Siku ya sita, katika hospitali ya pili, daktari mwanamke alimfungua akakuta nyongo imetapakaa tumboni, kwani yule wa kwanza, badala ya kukata kimrija cha mfuko, alikata mrija mkuu wa nyongo, pale penye uvimbe ambapo hakuona vizuri, na angeweza kusimama, kumwita mwenzake, au kupasua tumbo wazi, lakini kovu refu lingempunguzia sifa. Mkono huteleza, hilo dada mtu anakubali, ila kukataa kumwona mgonjwa mara tatu si kuteleza, ni kiburi.

Alifariki tarehe 12, saa nne asubuhi.

Familia inamshukuru daktari wa pili, aliyesema ukweli bila kuzungusha maneno, wauguzi wake, majirani, na mafundi wenzake wa kushona. Daktari wa kwanza ametuma shada la maua, nalo limerudishwa, kwa sababu maua hayakupigiwa simu, aliyepigiwa ni yeye. Jumatatu saa tatu tutakuwa mlangoni kwake kudai faili la matibabu ya Pindo, atakayefuatana nasi avae viatu vya kusimamia.

Pumzika kwa amani, Pindo. Dada yako bado hana nafasi hiyo.