Saini ya Pili: Maisha ya Mwalimu Nyundo

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mwashi na mama mshonaji. Nyumba yao ilikuwa ya sheria kali. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua saa ya ukutani ili aone kinachoisukuma, na baba akamchapa kwa mpira wa maji hadi mgongo ukachanika. Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, alijitupa katikati na kupokea viboko visivyo vyake. Makovu anayo hadi leo. Saa haikupona.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha ufundi. Huko alifundishwa uhandisi ubaoni kwa miaka mitatu: mwalimu aliandika, wao wakanakili. Tarehe 2 Februari 1982, siku yake ya kwanza kiwandani, mashine ilinasa mkono wa shati lake na kumkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Katika mtihani wa hesabu za gia alikuwa ameongoza darasa zima. "Gia nilizijua zote," alizoea kusema. "Ila hakuna aliyeniambia kwamba zinauma."

Septemba 1986 alirudi chuoni kufundisha utangulizi wa uhandisi, na kazi hiyo hakuiacha. Tangu wiki ya kwanza, wanafunzi wapya waligawanywa watano watano, wakapewa vyuma, mbao na boliti, wakaambiwa wajenge kitu cha kubeba mzigo. Kilichojengwa vibaya alikipasua kwa nyundo ya kilo sita mbele ya macho ya waliokijenga. Ndipo akaitwa Mwalimu Nyundo. Wapo waliolia. "Afadhali mlie nyinyi hapa karakana," aliwaambia, "kuliko wenye maiti walie chini ya daraja lenu."

Mwaka 1997 vijana wawili wa timu moja walipigana kwa spana, naye alipowaamua akapasuliwa nyusi. Hakuwafukuza. Aliwabebesha boriti moja ya chuma, huyu huku na yule kule, kila asubuhi kwa wiki mbili. "Kidole kimoja hakivunji chawa," aliwaambia huku akiinua mkono wa kushoto. "Mimi hapa ninavyo vitatu, na bado naomba msaada."

Sheria yake kuu ilikuwa daftari la viungo. Kila kiungo kilitiwa saini mbili: ya aliyekitengeneza, na ya mwenzake aliyekigonga kwa nyundo na kukikagua. Bila saini ya pili, mzigo haunyanyuliwi.

Mkewe alikutana naye hospitalini katika miaka yake ya mwanzo ya kufundisha, alipokuwa muuguzi na marehemu ameletwa akivuja damu kichwani.

"Nani kakupiga hivi?" aliuliza huku akishona.

"Springi."

"Na hiyo springi umeiacha hai?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1989, wakajaliwa mabinti wawili.

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, timu ya nne ilijaribu winchi waliyoiunda kwa kunyanyua tofali la zege la kilo mia mbili. Mkono wa winchi ulikatika penye kiungo kilichochomelewa. Tofali lilimpiga marehemu ubavuni, likavunja mbavu sita na kupasua pafu.

Jioni hiyo, kwenye korido ya hospitali, kaka yake alimkuta binti wa miaka kumi na tisa aliyechomelea kiungo hicho. Alimzaba kofi lililomwangusha sakafuni na kumpasua mdomo. "Muuaji! Utaoza jela, na hilo somo lenu litafungwa!"

Mke wa marehemu alimshika mkono. "Shemeji, nina mgonjwa mmoja. Usiniletee wa pili."

Asubuhi iliyofuata marehemu aliagiza daftari liletwe kitandani. Alizungumza kwa shida.

"Kaka, soma hapo. Saini ya pili ni ya nani?"

Kaka alifuata mstari kwa kidole. "Yako."

"Mkaguzi wao alikuwa anaumwa, nikatia mimi. Sikukigonga. Nilikiona kizuri, nikaridhika na macho." Akavuta pumzi. "Sasa kama ni kupiga, nipige mimi. Ila ubavu wa kushoto umeshajaa, tumia wa kulia."

Kaka aliangua kilio.

Marehemu alituagiza maneno haya yasomwe kaburini bila kupunguzwa: kosa la mwisho lilikuwa lake, binti yule asishtakiwe, na somo lisifungwe. Alifariki Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, saa nne asubuhi. Barua yenye maneno hayo imekwisha kufika polisi na chuoni. Kaka yake ndiye aliyeipeleka, kwa miguu yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na wanafunzi wa miaka thelathini na tisa. Timu ya nne tumeiita sisi wenyewe, na imekaa na wafiwa. Kabla jeneza halijashushwa, kaka wa marehemu ameomba asimame mbele ya binti yule amtake radhi, sote tukisikia. Tafadhali tuwapishe njia.

Mwenyezi Mungu ampe Mwalimu Nyundo utulivu ambao hapa duniani hakuwahi kuutafuta.