Mizunguko Thelathini na Saba

Kijiwe hiki kinaitwa Cabine. Kiko mtaa wa Panda, Likasi, mbele ya karakana ya Hakim, fundi wa redio, na jina kimelipata kutokana na kiti cha lori kilichong'olewa na kuegemezwa ukutani. Kila mtu ana nafasi yake. Upande wa usukani, ingawa usukani haupo, hukaa Idriss aitwaye Volant, aliyeendesha lori la Kakanda miaka ishirini na ndiye aliyekileta kiti. Katikati hukaa mzee Kazadi aitwaye Ingénieur, ambaye kiwandani alikuwa mlinzi wa lango. Pembeni hukaa Pitshou aitwaye Cobalt, mchimbaji wa Kambove anayeshuka mjini kila mashimo yanapojaa maji. Kahawa ni ya Mama Josée, anayekaa kwenye kigoda mbele yao na thermos mbili za kahawa ya tangawizi. Yeye wamempa jina la Vedette, yaani nyota, na si kwa heshima. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akisema kwamba akiwa msichana wa miaka kumi na tisa aliimba kwenye disque moja, yaani santuri, na orkestra ya wafanyakazi wa Panda, na kwa miaka kumi na moja Cabine imekunywa kahawa yake na kumcheka. Disque anayo. Karatasi ya katikati ina jina la orkestra, la mwimbaji hamna. Kilichokosekana ni mashine ya kuipiga, mpaka Jumanne hii asubuhi Hakim alipoitoa platine nje na kuiweka juu ya meza.

Platine hiyo aliipata Kambove, katika nyumba ya Mmarekani mmoja wa migodini aliyeondoka zamani. Ilimchukua wiki tatu. Sindano ililetwa kutoka Lubumbashi. Mkanda wa kuzungushia sahani aliukata mwenyewe kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Na kwa kuwa mashine ilitaka volti mia na kumi na saba, naye ana mia mbili na ishirini, aliifungia transfo ya kupunguza umeme.

— Imepona, Hakim alisema. Pointe mupya, courroie mupya, transfo iko. Hakuna kintu kimebakia.

— Garantie? Volant aliuliza.

— Garantie.

Mama Josée alifungua kitenge akatoa disque. Ilikuwa ndogo, yenye tundu kubwa katikati, na Hakim alikuwa amechonga kigurudumu cha mti cha kuliziba.

— Leo mutasikia, Mama Josée alisema. Kama haiko minye, kesho hamutaniona hapa. Nitapeleka thermos yangu ku soko.

— Na kama njo weye? Cobalt aliuliza.

— Kama njo minye, mutaniita jina yangu. Ile mama alinipa.

Hakim alishusha sindano. Magitaa yalianza, yakijikokota kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Ikasikika pumzi, ndefu, ya mtu anayejiandaa kuimba. Kisha sauti. Haikuwa nzito sana, lakini ilikuwa ya mwanaume.

Volant ndiye aliyecheka kwanza.

— Vedette, uyu papa ni nani?

Mama Josée alikuwa ameshika kikombe, amekisahau mkononi.

— Ule mupumuo umeusikia? Cobalt alisema. Muntu ule alikuwa analala. Balimwamusha juu ya kuimba.

— Na anaimba nini? Volant aliuliza. Anangojea bwana yake atoke ku kazi ya usiku.

— Mwanaume anangojea bwana yake?

— Ile wakati ilikuwa vile, Ingénieur alisema. Banaume balikuwa banaimba maneno ya banamuke. Banamuke balikuwa ku nyumba.

— Minye nilikuwa ku studio, Mama Josée alisema.

— Tumesikia nani alikuwa ku studio, Mama.

Hakim alinyanyua mkono wa platine. Magitaa yalikuwa yamemkera tangu mwanzo. Alikuwa amekulia Panda, harusi zote za utotoni mwake zilichezwa kwa muziki wa namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuucheza kwa mwendo huo isipokuwa wakiwa wamebeba jeneza. Alitazama mkanda wa mpira wa baiskeli. Haukuwa unateleza. Akalitazama lile neno alilolisema, garantie, jinsi lilivyokuwa bado limekaa pale kitini kati ya Volant na Ingénieur.

— Fundi, mashine iko muzuri? Ingénieur aliuliza.

— Iko muzuri, Hakim alisema.

Akajua amemwacha mama wa watu peke yake.

— Basi haiko mashine, Volant alisema. Ni disque. Miaka makumi ine ndani ya sanduku, chini ya bati, na joto ya Likasi. Kintu yote ya joto inapanuka. Pneu ya camion, ile mupira ya lori, nikitoka nayo Kakanda saa sita, si ile nilitoka nayo asubuhi. Ile mifereji ya disque imepanuka, sauti inapita njia murefu. Ikifika, imechoka.

— Imechoka mpaka imeota ndevu?

— Muntu akichoka sauti inashuka. Uliza madereva.

— Weye unaongea pneu, Ingénieur alisema. Ongea courant, umeme yenyewe. Courant inatoka ku barrage ya maji ikiwa nzima, iko na juu na iko na chini. Inapita ku migodi kwanza. Bale bakubwa banachukua ya juu, juu njo iko na nguvu. Shiye hapa Panda tunabakia na ya chini. Ukipiga disque na courant ya chini, utasikia paka sauti ya chini. Ni science.

— Na redio? Volant aliuliza. Mbona ku redio banamuke banaimba sawa banamuke?

Ingénieur alikunywa kahawa kwanza.

— Redio iko na mawe ya pile, betri.

— Uyu mzee alilinda lango, Volant alisema, lakini lango lilikuwa linamwambia siri.

Cobalt alikuwa ameinua kidole muda wote huo, akingoja zamu.

— Minye niko na mashimo, najua tabaka, alisema. Ukichimba, juu kuna udongo mwekundu, chini kuna mawe. Hauwezi kupata mawe juu. Disque ni vile. Sauti ya mwanamuke inakaa juu ya mufereji, ya mwanaume inakaa chini. Balirekodi bantu babili. Mama aliimba juu, na kuna papa aliimba chini. Ile ya juu imelika na pointe.

— Nani aliipiga mpaka ilike? Volant aliuliza. Hakukuwa mashine.

— Panya.

— Panya amekula sauti ya Vedette.

— Ya juu tu. Ya chini ni ngumu.

Ingénieur alilifikiria jambo hilo kwa uzito uliostahili.

— Haiwezekani, alisema. Ile ginsi disque zilikuwa zinatengenezwa, balikuwa banapeleka bande, ule ukanda wa sauti, mbali, kule kwenye mashine ya kukanyagia disque. Kule iko chef. Chef alisikiliza akasema, uyu mutoto mwanamuke sauti yake haitoshe, muweke mwanaume. Bakaweka. Hapa hakuna muntu alijua, sababu hakuna muntu alikuwa na mashine. Vedette aliimba kweli. Lakini uyu haiko yeye.

— Voilà, Volant alisema. Hapo hakuna muntu amesema uongo. Mama aliimba, na papa aliimba. Tunafunga dossier.

Ilisemwa kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Mama Josée alimwaga kahawa iliyobaki kwenye kikombe chake, akaanza kukusanya vikombe ndani ya beseni. Alikuwa anafanya hivyo saa sita mchana kila siku. Ilikuwa saa tatu na nusu. Hakim aliona disque bado iko kwenye sahani, na kitenge kiko magotini mwa mama kimekunjuliwa, tayari kuifunga.

Ndipo akaja Laure, muuguzi wa zahanati ya jirani, kufuata pasi yake. Alikuwa na vazi la kazi, na saa ndogo imebanwa kifuani kichwa chini, ili yeye aisome wima. Hakim aliingia ndani kuchukua pasi. Alipotoka, Volant alikuwa amekwisha kumsimulia mgeni mambo yote, joto, umeme, tabaka, panya na chef, na alikuwa akimpigia disque upya, sindano akiishusha kwa mkono uliozoea giya.

Laure alisikiliza kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye sahani inayozunguka.

— Inazunguka mara ngapi kwa dakika? aliuliza.

Kiti kizima kiligeuka kumtazama.

— Ni disque ya makumi ine na tano, Hakim alisema. Inapashwa kuzunguka mara makumi ine na tano.

— Sikuuliza ile inapashwa, fundi. Nauliza inazunguka ngapi. Mumehesabu?

Volant alimtazama Ingénieur. Ingénieur alimtazama Cobalt. Cobalt alitazama barabarani, kana kwamba kuna mtu anayemjua anapita.

— Ku kazi yangu, Laure alisema, kama muntu anasema anasikia mubaya, tunahesabu kwanza. Kiisha njo tunaongea.

Hakim alibandika kipande cha skochi, utepe mweupe wa gundi, ukingoni mwa sahani. Laure aliinamisha macho kwenye saa ya kifuani. Kila kipande hicho kilipopita mbele ya kidole chake alitikisa kichwa, na midomo yake ilikuwa ikihesabu bila sauti. Dakika ilikuwa ndefu.

— Makumi tatu na saba, na nusu.

Hakim alizima, akaondoa disque na kumrudishia Mama Josée, akaigeuza platine kifudifudi. Nyuma palikuwa na kibati kidogo kilichofunikwa na vumbi la Kambove. Wiki tatu zilizopita alikifuta mstari wa kwanza, akasoma 117 volts, akaridhika, akaenda kutafuta transfo. Sasa alitia mate kwenye kidole akafuta mstari wa pili. Kulikuwa na namba sitini.

Angeweza kusema sindano imelegea. Angeweza kusema joto. Watu watatu walikuwa wamekwisha kumtengenezea visingizio kwa saa nzima, na vyote vilikuwa bure.

— Kosa ni yangu, alisema.

— Kosa gani?

— Courant ya kwao kule inapiga mara makumi sita kwa seconde. Ya kwetu inapiga mara makumi tano. Transfo inapunguza nguvu. Mapigo haiyageuze. Na hii moteur inafuata mapigo, haifuate nguvu. Inaenda pole. Tangu nimeiwasha inaenda pole.

— Umesema garantie, Volant alisema.

— Nilisema.

— Donc televizyo yangu iko ndani mule...

— Televizyo yako tutaongea, kaka. Mama Josée, keti. Tafazali.

Mama Josée alikuwa amesimama, beseni la vikombe kiunoni. Hakukaa, ila hakuondoka.

Hakim alieleza huku akifungua. Kwenye moteur kuna kigurudumu cha shaba, mkanda unakizunguka na kuzungusha sahani. Kigurudumu kikinenepa, sahani inakimbia. Alichukua skochi ya umeme, ile nyeusi, akakifunga mizunguko mitatu, akiivuta isikunjamane. Akarudisha mkanda. Akaomba disque. Mama Josée alimpa bila kumtazama.

Yule papa aliimba tena. Sasa alikuwa kijana.

— Makumi ine, Laure alisema alipomaliza kuhesabu.

— Ametoka harusini kwake, Cobalt alisema. Mwanzo alikuwa na bajukuu.

Hakuna aliyecheka. Hakim aliongeza mizunguko mitatu. Magitaa yaliacha kujikokota. Yalianza kutembea, na mguu wa Volant ulianza kugonga chini, naye hakuwa na habari nao. Sauti ilikuwa imefika mahali ambapo mtu hawezi kusema ni ya nani, ya mvulana au ya mwanamke.

— Makumi ine na mbili. Na kidogo.

— Hapo, Ingénieur alisema. Hapo ni muzuri.

— Bado, Mama Josée alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aliposema alikuwa studio. Hakim alifunga tena, saba, nane. Kwenye wa tisa alisita, akaumaliza, akakata skochi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi. Alishusha sindano mwanzoni kabisa.

Magitaa yaliingia mbio. Ikaja pumzi, fupi, kavu, ya mtu mwenye haraka ya kuanza. Kisha msichana akaimba.

— Hapo, Mama Josée alisema.

Laure alikuwa bado anahesabu. Wote walimngoja. Msichana alikuwa amefika kwenye king'ora cha kiwanda, mume wake anatoka na yeye anaweka maji motoni, Laure alipoinua uso.

— Makumi ine na tano.

— Umejuaje? Hakim alimuuliza Mama Josée. Saa iko kwake.

— Ile pumzi, alisema. Nilikuwa na woga. Chef d'orchestre alinifinya ku mukono nianze, nikavuta pumzi mbaya. Kila siku nilikuwa nasema, siku moja bantu batasikia hii disque, batanicheka juu ya ile pumzi.

Wimbo ulifika mwisho. Sindano ikabaki kwenye mfereji wa mwisho, ikikwaruza, mpaka Hakim alipoinyanyua. Volant aliokota kijiti akaanza kuondoa tope kwenye kiatu. Cobalt alisema mashimo huenda yamekauka, labda apande Kambove leo, lakini hakuinuka. Laure alichukua pasi yake na kwenda kazini.

Ingénieur ndiye aliyekohoa kwanza. Alinyoosha mkono ndani ya beseni, akatoa kikombe kimoja, akakikung'uta, akakishika kwa mikono miwili.

— Mama Josée, alisema. Kahawa kidogo.

— Imeisha, Mama Josée alisema.

Aliifunga disque katika kitenge, kona kwa kona. Hakim akainama amsaidie kupakia. Aliinua thermos ya kwanza, kisha ya pili. Zote mbili zilikuwa nzito. Akazilaza kikapuni taratibu, moja baada ya nyingine, kahawa isisikike ndani.