Nusu Hatua ya Pandu Ameir

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni kutoka Guangzhou. Mnanisikia kutoka studio yetu ndogo ya Xiaobei, juu ya duka la mawigi. Mimi ni Clementina wenu. Leo muziki utakuwa mchache. Leo tunamkumbuka mtu.

Jina lake ni Pandu Ameir. Mzaliwa wa Unguja. Mfanyabiashara wa jinzi na mizigo hapa Guangzhou. Mpokeaji wa kwanza wa Pomboo. Leo ni arobaini yake. Khitma imesomwa mchana, watu wamekula, dua zimeombwa, na sasa najua wengi mmerudi madukani kwenu Dengfeng, simu mmeziegemeza kwenye rafu, mnanisikiliza. Khalid, najua nawe upo. Nikikosea mwaka usinipigie hewani. Nipigie kesho.

Kwa wasioijua Pomboo, nieleze kidogo. Pomboo ni timu ya kandanda ya wanafunzi wa Afrika Mashariki katika chuo kimoja hapa mjini. Ilianza miaka ya tisini, wanafunzi wetu wakiwa wachache, hata kupata kumi na mmoja ilikuwa shughuli. Golikipa wao wa kwanza alidaka na miwani machoni. Viungo wa kupiga pasi fupi fupi hawakuwapo. Basi wakacheza walivyoweza: beki anapiga mpira mrefu, mtu mmoja kule mbele anautuliza kifuani, wenzake wanamfuata mbio. Mtu huyo wa mbele ndiye tunayemwita mpokeaji. Wanafunzi wamehitimu, wamerudi makwao, wamekuja wengine, na Pomboo bado wanacheza vile vile. Makocha wamejaribu kuibadilisha. Wamechoka wao.

Na sisi mashabiki tuna ugonjwa wetu. Tukikutana, iwe harusini, iwe kwenye foleni ya viza, swali ni moja tu. Mpokeaji bora wa Pomboo ni nani? Watu wa miaka ya tisini watakwambia ni Pandu. Watu wa miaka ya elfu mbili watakwambia ni Alphonce, yule mwenye duka la simu. Vijana wa leo watakwambia ni Edina, mwanafunzi wa uzamivu, nahodha wa timu ya wanawake. Nilimuuliza Mugo, wakala wetu wa mizigo kutoka Nairobi, akanijibu: "Buda Pandu alikuwa noma, lakini Alphonce alikuwa moto, wacha tu." Mimi mwenyewe ni wa Alphonce. Msiba haujanibadilisha.

Ila leo ni siku ya Pandu.

Alikuja mwaka tisini na tatu kwa udhamini wa masomo, kusomea uhandisi wa nguo. Kijana mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega. Kwa urefu ule wakamweka mbele. Wasikilizaji wapendwa, msimu wa kwanza alikuwa balaa. Khalid, ambaye ndiye aliyekuwa beki akimpigia ile mipira, anasema: "Nilikuwa nampigia mpira safi kabisa. Unamfika kifuani, pwaa, unarudi kwangu! Tulimwita Ukuta." Mashabiki walimwimba. Ukuta, ukuta. Pandu anacheka kwa mabega, anarudi bwenini, haongei na mtu.

Kisha chuo kikampeleka Xintang kwa mafunzo ya kazi. Xintang ni kule kwenye viwanda vya jinzi. Siku hizo, karakana nyingi zilikuwa ghorofani na hazina lifti. Suruali zikishafungwa, makuli wa juu wanarusha marobota, makuli wa chini wanadaka na kupakia gari. Pandu akasimama nao chini. Robota la kwanza likamwangusha chali, suruali zikamwagika barabarani. Makuli wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakamwita "laoban", yaani bosi, kwa kumtania. La pili likamwangusha tena.

Ndipo akaanza kuwatazama miguu. Akaona kwamba hakuna anayesimama imara. Robota likigusa kifua, mtu anarudi nyuma kidogo, nusu hatua, anakwenda nalo. Halafu ndipo analikumbatia. Anayejikaza anaanguka. Anayerudi nalo kidogo analipata.

Aliporudi chuoni, mechi ya kwanza tu, Khalid akapiga mpira mrefu. Pandu akausubiri. Ulipogusa kifua akarudi nusu hatua, na mpira ukateremka ukalala miguuni pake, umetulia. Khalid anasema uwanja mzima ulisimama. Halafu ukapiga kelele. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita Ukuta tena.

Pandu Ameir, wasikilizaji wapendwa. Mpokeaji wa kwanza wa Pomboo.

Alihitimu, akabaki. Akaingia biashara ya jinzi. Wateja wakitoka Dar, wakitoka Unguja, anawapeleka Xintang, anawasimamia oda, anapakia kontena. Lakini Jumamosi alasiri simu yake huipati. Yuko uwanja wa chuo na watoto wa watu, anawafundisha kutuliza mpira. Na njia yake ilikuwa moja. Alphonce alipochaguliwa kuwa mpokeaji, Pandu akamwambia, "Kesho twende Xintang." Alphonce akavaa shati lililopigwa pasi, akidhani anapelekwa kununua suruali. Akasimamishwa chini ya ngazi. Robota la kwanza likamlaza. Miaka ikapita, akaenda Edina. Naye likamlaza. Edina aliniambia, "Nilinyanyuka nimekasirika, nikamwambia, Mzee Pandu, mimi nimekuja China kusoma. Akasema, na hili ndilo somo, simama tena."

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu kila maisha yana upande wa pili.

Pandu alioa kwao Unguja. Mkewe ni Bi Bimkubwa, ambaye wakati huu yuko eda, na tunampa pole nyingi. Wana binti mmoja, Ilham. Familia ilibaki nyumbani. Ninyi mnaoishi huku mnajua sababu: viza, shule, kodi ya nyumba. Pandu alikwenda mara moja kwa mwaka, akipata nafasi. Kila mwaka alisema, "Mwakani narudi moja kwa moja." Wahenga walisema hayawi hayawi huwa. Kwa Pandu hayakuwa. Presha ilimwangusha asubuhi moja akijiandaa kwenda Xintang, na hakuamka tena. Tulimswalia, tukamzika huku huku.

Ilham alifika baada ya mazishi, viza ilipotoka. Alikuja kuzuru kaburi na kuchukua vitu vya baba yake. Tulimpokea kwenye mgahawa wa Dengfeng, chumba cha ndani, tumejaa. Kila mtu ana kisa chake cha Pandu. Khalid anasimulia, Alphonce anamkatiza, Mugo anawakatiza wote wawili. Tukaanza hata ule ubishi wetu wa nani bora, mbele ya mfiwa, tena tukicheka. Binti amekaa, mikono mapajani, anasikiliza. Pilau yake imepoa.

Mwishowe akasema, taratibu: "Ami Khalid, nakusikilizeni tangu asubuhi. Nyote mwamjua. Mimi simjui."



Ilham ameniruhusu niyaseme haya hewani. Alisema, "Dada Clementina, sema yote, yasije yakabaki kwangu." Basi nayasema kama alivyoyasema.

"Baba akija, mimi na mama tunakwenda kumlaki uwanja wa ndege. Namuona anatoka na mizigo yake. Namkimbilia. Na kila nikimfikia, anarudi nyuma. Kidogo tu. Kisha ndiyo ananikumbatia. Kila mwaka hivyo hivyo. Nikasema moyoni, huyu hanitaki, ananikumbatia kwa kuwaonea haya watu tu. Nilipofika darasa la saba sikumkimbilia tena. Nikasimama na mama, nikampa mkono."

Khalid akamuuliza kama aliwahi kumwambia baba yake. Akatikisa kichwa. Hata mama yake hakumwambia.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwa pale. Ile nusu hatua tumeisifu miaka yote, tumeiigiza, tumeibishania. Na chumba kizima hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha. Tuliangalia chini, kila mtu na sahani yake. Alphonce akajifanya anatafuta kijiko.

Kisha Ilham akafuta uso, akasema kitu ambacho hatukukitarajia. "Huo mpira uliomuweka huku. Nionyesheni basi alivyokuwa akiucheza."

Hapo tukaona aibu nyingine. Picha zipo mbili tatu, timu imejipanga mstari, Pandu nyuma kwa sababu ya urefu. Video haipo. Siku hizo nani alikuwa na kamera? Khalid akasema, "Mwanangu, Jumamosi njoo uwanjani. Tutakuonyesha kwa miili yetu, ilivyobaki."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Ilham alisimama pembeni ya uwanja na mwavuli, baibui lake limelowa pindo. Nilisimama naye. Khalid, pamoja na goti lake, alikwenda nyuma kule alikokuwa akisimama zamani. Mpira wake wa kwanza uliwaendea wazee wa Kichina waliokuwa wakinyoosha viungo chini ya miti. Wakaurudisha wakicheka. Wa pili ukafika.

Alphonce ndiye aliyekuwa mbele. Kifua chake siku hizi kimeteremka kiasi, nakupenda Alphonce lakini ukweli usemwe. Akautuliza, ila nusu hatua yake ilikuwa fupi mno, haikuonekana. Mpira ukalala. Mashabiki wakapiga makofi, Ilham naye akapiga makofi ya adabu tu. Bado alikuwa hajaona kitu.

Akaingia Edina. Khalid akapiga mrefu, wa nguvu, ule wa kale. Edina akausubiri. Ulipomgusa akarudi nusu hatua, ukateremka, ukakaa miguuni.

Ilham akanishika mkono. "Kwa nini karudi nyuma?"

Nilianza kuelewa. Nikamwita Edina.

Edina akaja anahema, matope hadi magotini. Hakuwapo kule mgahawani, hakujua lolote. Ilham akamuuliza tena, "Kwa nini umerudi nyuma?"

"Ndivyo alivyotufundisha Mzee Pandu," Edina akasema. "Mpira ukija kwa nguvu, ukijikaza unakudunda unaondoka. Unarudi nao kidogo ndipo unabaki kwako. Alikuwa akisema, kitu unachokitaka sana usikipige kifua. Kipishe kidogo kifike."

Ilham akamgeukia Khalid, aliyekuwa anakuja akichechemea. "Ami, na yeye akifanya hivyo? Kila mara?"

"Kila mara," Khalid akasema. "Mwili ulishazoea. Hata ukimrushia funguo za gari, lazima arudi nyuma kwanza ndipo adake. Tulikuwa tukimcheka." Kisha akasimama. Nikamwona usoni namna lilivyomfikia. Akasema, "Allah! Mwanangu."

Ilham aliuachia mwavuli. Akachuchumaa pale pale kwenye majani, akalia, na wote tukamwacha alie. Mimi nililia. Alphonce alilia waziwazi, hakutafuta kijiko safari hii. Wale wazee wa Kichina walisimamisha mazoezi yao, wakatutazama kwa heshima, wakasogea mbali kidogo.

Alipotulia akaomba simu yangu, yake ilikuwa haina chaji. Akampigia mama yake Unguja. Hakumsalimia hata. Akasema, "Mama, baba hakuwa akinikimbia."

Sauti ya Bi Bimkubwa niliisikia kutoka pale nilipokuwa. "Akukimbie wapi, mwanangu? Ulikuwa ukimjia kama robota la jinzi. Mwenyewe akiniambia, huyu mtoto siku moja ataniangusha, na siku hiyo sitaki kuinuka."

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa akiyasema hayo. Aliyasema kwa mkewe, akicheka. Kwa binti hakuyasema, kwa kuwa hakujua kuna la kusema.

Kabla hatujaondoka Ilham alivua viatu, akaenda mbele kule wanakosimama wapokeaji. Khalid hakupiga. Alimrushia kwa mikono miwili, polepole, kama anavyorushiwa mtoto. Ulimponyoka. Akauomba tena.

Kwako Bi Bimkubwa, ukiwa kwenye eda yako, pole, Mungu akupe subira. Kwa Ilham, aliyesafiri jana kurudi Unguja, pole, dada. Kwa ukoo wote wa mzee Ameir, kwa wana Pomboo popote mlipo, kwa makuli wa Xintang ambao baadhi yao walisimama nasi siku ya maziko, poleni. Mwenyezi Mungu amlaze Pandu mahali pema.

Na kuhusu nani alikuwa mpokeaji bora, nawajua, kesho mtaanza tena. Anzeni. Mimi nabaki na Alphonce wangu.

Ila usiku wa leo, kabla hujalala, mfikirie mtu mmoja. Yule uliyemwona siku moja akirudi nyuma ulipomjia, nawe ukanyamaza, ukahesabu peke yako, ukaacha kumkimbilia. Kama yu hai, mpigie simu. Muulize. Ilham hakuwahi kumuuliza baba yake. Akaja mpaka Guangzhou, akajibiwa na mtu asiyemjua, kwenye matope, uwanjani.